Maji Niliyomficha Mama

Tk.

Ndivyo ulimi wa mama ulivyolia ukibanduka kutoka kwenye kaakaa lake kila alipotaka kusema. Tk, halafu neno. "Tk, Tusekile, umekula?" "Tk, karibu mteja, maharage ya Ileje haya." Kwa miezi mitatu niliusikia mlio huo asubuhi mpaka jioni, na miezi yote mitatu nilijifanya siusikii. Wengine wakikumbuka ugonjwa wao wanakumbuka mashine za hospitali. Mimi nakumbuka ulimi mkavu wa mama, kwa sababu aliyeukausha ni mimi.

Naandika sasa kwa kuwa naweza tena kukaa kwenye cherehani saa nzima bila kushika kifua. Namwandikia mtu aliyeambiwa ana presha ya mapafu, na hasa yule aliyeambiwa chumvi ya damu yake imeshuka, na kwamba anywe maji kwa kipimo. Udaktari siujui, shule yangu iliishia kidato cha pili. Nitakueleza tu nilichofanya, ili wewe usikifanye.

Sisi ni Wandali, watu wa milima ya Ileje, lakini nimekulia Tunduma, kwenye mtaa ambao ukitoka nje unaona mkia wa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama anauza maharage kwenye meza karibu na njia ya mpakani, na wateja wake wengi ni Wazambia wanaomwita Bamayo, yaani mama kwa lugha yao. Kaka yangu, Ambakisye, anapakia na kushusha mizigo ya malori. Mimi nilikuwa nashona. Nilikuwa na cherehani moja ya miguu na ndoto ya duka la sare za shule na za kwaya, lenye kioo mbele na sanamu mbili za kuvalisha nguo. Sanamu moja nilishaipa jina kabla ya kuinunua, nikaiita Rehema. Kaka alikuwa akinikuta naongea peke yangu na kuniuliza, "Rehema hajambo?"

Ugonjwa ulianzia kwenye hiyo cherehani. Nilikanyaga pedali kidogo tu, pumzi ikakata kama nimetoka kukimbia. Nikasema ni uchovu. Halafu ngazi tatu za kanisani zikanishinda. Siku moja tukiwa kwenye kwaya, katikati ya ubeti wa pili, nikaona taa zinazimika, nikaamkia sakafuni na sauti ya kwanza imekaa kimya inanitazama. Nikatibiwa malaria. Nikatibiwa taifodi, mara mbili. Nikapewa pampu ya pumu, nikaipuliza mpaka ikaisha, bado pumzi haikutosha.

Miguu ikavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Kisha tumbo likajaa, na mtaa mzima ukaanza kuhesabu miezi. Mama Eliya, jirani tunayeshirikiana naye ua, alimwuliza mama huku anaanika nguo, "Sasa mwali wako tutamwita mama nani?"

Mama alichukua beseni lake akaingia ndani. Aliniuliza mara moja tu, nikiwa naoga, yeye yuko nje ya mlango wa bafu.

"Tusekile. Ni mimba?"

"Hapana, mama."

"Haya. Nimeamini."

Na kweli aliamini, hakuuliza tena. Naomba hapo umwangalie vizuri, kwa sababu ndiye mama ninayekusimulia. Ukimpa neno, analichukua kama ulivyompa.

Mwishowe tukaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa Mbeya. Ukitaka kujifunza kusubiri, nenda kliniki ya moyo. Tulifika asubuhi na baridi, tukakaa kwenye benchi refu, mgonjwa mmoja akiitwa wote tunasogea matako hatua moja. Nilipofikiwa, jua lilishahama upande wa pili wa jengo. Nikapakwa mafuta ya baridi kifuani, daktari akapitisha kidude chake, akitazama kwenye kioo. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu.

"Una presha," alisema, "lakini si ile ya kupimwa mkononi. Ni ya mishipa ya mapafu. Imekaza, na upande wa kulia wa moyo wako unasukuma peke yake mpaka umetanuka."

Nikapewa dawa za kukojosha maji, na nikapewa vidonge vingine ambavyo nilipovisoma jina nilitamani ardhi inimeze. Ni vile vidonge vya wanaume. Vile vya bluu ambavyo vijana wa mpakani wanataniana navyo. Kumbe vinalegeza pia mishipa ya mapafu. Nikamwomba kaka aninunulie, akakataa papo hapo.

"Niingie duka la dawa la Tunduma hii, mimi Ambakisye, niseme naomba hizo? Kesho madereva wote wananiita babu."

Mama akafunga kitenge chake cha kanisani, akaenda mwenyewe. Muuzaji akatabasamu, akamwuliza, "Mama, mzee anaendeleaje?" Mama akamjibu mbele ya watu wote dukani, "Mzee yuko makaburini mwaka wa kumi na tano huu. Ni vya binti yangu, mapafu. Soma cheti." Aliporudi alinipa mfuko, akakaa chini, akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi nililia kwa aibu, halafu nikacheka naye. Siku zile bado tulikuwa tunacheka pamoja bila kitu kati yetu.

Mvua za mwisho, mwezi wa nne, zilinikuta wodini Mbeya. Nilikuwa nimevimba mpaka kope, na kichwa kizito, napewa jibu la swali nalisahau swali. Wakanitoa damu. Jioni daktari akaja na karatasi, akamketisha mama pembeni ya kitanda.

"Chumvi ya kwenye damu yake imeshuka. Sodiamu. Tunataka angalau mia moja thelathini na tano, yeye ana mia moja ishirini na tisa."

"Nimwongezee chumvi kwenye mboga?"

"Hapana, mama. Chumvi ya mboga tunaipunguza vilevile. Chumvi yake haijapotea, imezimuliwa. Moyo ukichoka, mwili unang'ang'ania maji, hauyaachii. Kwa hiyo tunapunguza maji. Chupa moja ya lita kwa siku, na humo ndani uhesabu chai, uji, supu, kila kitu cha kunyweka."

"Na hiyo namba?"

Daktari aliikunja ile karatasi kabla hajajibu. "Hiyo namba tunaitazama sana, mama. Kwa mgonjwa wa aina yake ikishuka ikakaa chini, inatuambia moyo unaelekea kubaya. Ikipanda, na sisi tunapumua."

Tangu siku hiyo, maisha yangu yakawa namba na chupa.

Tuliporudi nyumbani, mama alikwenda kwenye kikundi cha akina mama cha Jumatano, kanisani kwetu, Moravian, akasimama akaweka nadhiri. Alisema, kama mwanangu anakunywa chupa moja kwa siku, na mimi nitakunywa chupa moja, mpaka Mungu atakapomponya. Mimi sikuwepo, nililetewa habari. Nilipomwuliza alisema tu, "Utavumiliaje peke yako na mimi nakunywa mbele yako?" Asubuhi iliyofuata nikakuta chupa mbili juu ya kabati. Yangu ameifunga uzi mwekundu shingoni, yake uzi mweusi. Nyuzi alikuwa amezitoa kwenye kikapu changu cha kushonea.

Mwezi wa tano ukapita, wa sita, wa saba. Baridi ya Tunduma unaijua, hata kiu inajikunyata. Nilifuata. Miguu ikarudi kuwa miguu, nikaona tena mifupa ya vifundo nikaifurahia kama pete. Dawa za maji zilinifedhehesha njiani, basi la kwenda Mbeya lilisimama Vwawa na Mlowo kwa ajili yangu, na abiria wakiguna nikiingia vichakani na kanga yangu. Lakini namba ilipanda mpaka mia thelathini na mbili. Mama aliitaja kanisani.

Kisha likaja vumbi la mwezi wa nane.

Kiu ya dawa hizi si kama ya kutoka shambani, ukanywa ikaisha. Inakaa mdomoni kama pamba. Naota maji nikiwa macho, nashona naona bomba. Na Tunduma yetu maji ni ya kupimiana, bomba linatoka kwa zamu, siku nyingine tunanunua kwa madumu. Kwa hiyo kila nyumba ina pipa lake. Pipa la Mama Eliya lilikuwa uani, chini ya paa, limefunikwa kwa ubao, na juu ya ubao kuna kopo jekundu. Kivuli chote cha ua kilikuwa pale.

Siku ya kwanza nilinywa kopo moja. Mama yuko mezani kwake, kaka yuko kwenye malori, Mama Eliya yuko sokoni. Nikajiambia ni la leo tu. Sijawahi kusikia raha kama ile, nikuambie kweli, na sikuona haya hata kidogo mpaka nilipokuwa narudisha ubao. Kesho yake yalikuwa makopo mawili. Mama Eliya pia alikuwa na friji na anauza barafu za ukwaju kwenye mifuko. Nikawa nanunua. Mifuko mitupu naificha kwenye droo ya cherehani.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Kwa kuwa nilikuwa nimeshakunywa ya wizi, chupa yangu ikawa haiishi. Jioni mama akirudi anaikuta ina robo. Ningeweza kuimwaga. Badala yake niliinua juu nikamwonyesha, nikitaka sifa. "Mama, leo nimebakiza."

Akaitazama ile chupa. Akaitazama ya kwake, iliyokuwa na mafunda mawili aliyojiwekea ya kumezea chakula cha usiku. Akafunga kizibo.

"Kama mgonjwa ameweza kubakiza," alisema, "mimi mzima nina kisingizio gani?"

Akala ugali mkavu. Nilisikia kila tonge likishuka.

Tangu hapo, nikibakiza robo naye anabakiza robo. Anashinda juani, vumbi la malori linamwingia, anaita wateja siku nzima. Midomo ikapasuka. Ndipo ulimi ukaanza kulia. Unaweza kuniuliza, ulikuwa unamwona na bado unakunywa? Nilikuwa namwona. Kila asubuhi niliamka nimeamua. Saa tano jua likipanda, niko kwenye pipa.

Mwezi wa tisa, kliniki, nesi akauliza kama kawaida, "Maji anafuata?" Mama akajibu kabla sijafungua mdomo, kwa fahari, "Lita moja, na anabakiza. Mimi mwenyewe ni shahidi." Namba ilikuwa mia ishirini na sita. Daktari akaguna, akaongeza dawa.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi tukarudi. Mia ishirini na moja.

Daktari alimwita mama nyuma ya pazia. Pazia ni nguo tu, mimi nikasikia yote.

"Mama, maji anafuata, dawa anafuata, na namba inashuka. Kwangu maana yake ni moja, moyo ndio unaoshindwa. Vidonge vimefika mwisho wake. Kuna dawa za kupitisha kwenye mshipa, tutauliza Dar es Salaam, lakini sikuahidi kama tutazipata. Mkaongee nyumbani. Kama kuna ndugu anataka kuja kumwona, aje sasa."

Halafu tk. "Asante, daktari."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kichwani. Nilikuwa nimekaa, miguu inaning'inia kitandani, maneno yako hapa mdomoni. Nilichowaza ni kwamba mama amenitolea ushahidi, nikisema, namfanya mwongo mbele ya daktari. Nilijidanganya kwamba namlinda yeye. Nilikuwa najilinda mimi.

Kwenye basi alinipa siti ya dirishani. Hakuniambia alichoambiwa. Mlowo alinunua ndizi, akanimenyea moja kama mtoto.

"Unatamani nini, mwanangu? Kitu chochote kile. Sema, nitakitafuta."

Nilichotamani ni maji. Nikamwambia, "Sina hamu ya kitu, mama."

Basi watu wakaanza kuja. Akina mama wa kanisa walikuja na unga na mkaa, wakaimba, wakaomba wakinishika miguu. Mimi na mdomo wangu nikawa nawachekesha, nawaeleza habari za Rehema na duka lenye kioo, nao wanacheka huku wanageuka pembeni kupangusa macho. Wakitoka wanamwambia mama, "Mama Ambakisye, wewe ni mama." Naye anatabasamu na ile midomo iliyopasuka. Nilikuwa nazikwa kwa heshima zote, na heshima hizo sikuzistahili.

Aliyenigundua ni kaka. Jumanne alikuwa anatafuta mkasi, akafungua droo ya cherehani. Aliitoa mifuko ya barafu mmoja mmoja, akaipanga juu ya meza kama mtu anayepanga karata.

"Hii biashara ya barafu umeanza lini, mdogo wangu?"

Nikaanza kuokota nyuzi sakafuni.

"Nimeuliza lini."

"Mwezi wa nane."

Akakaa kwenye kiti changu. Ambakisye ni mtu wa kelele, lakini siku hiyo alisema polepole. "Mimi nimeshamwandikia Baba Mkubwa Ileje aje. Nimeomba ruhusa kazini nikuuguze mpaka mwisho. Mama anakauka pale mezani kama dagaa. Na wewe unakunywa?"

"Kaka, usimwambie."

"Simwambii. Utamwambia wewe. Nakupa mpaka Jumapili. Ikipita Jumapili, nasimama kanisani nasema mimi."

Jumatano ikapita. Alhamisi. Kila mama akiingia nilifungua mdomo, nikamwuliza biashara imekwendaje.

Ijumaa saa saba mchana bajaji ikaingia uani. Ndani yake kulikuwa na mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mteja wetu wa siku nyingi, amemshikilia mama kwa mikono miwili. "Bamayo ameanguka," alisema, "alikuwa anapima maharage, akaanguka na kopo mkononi."

Tulikwenda naye kituo cha afya, mimi nikiwa mbele na dereva kwa sababu siwezi kutembea, kaka nyuma akimshikilia mama. Nesi wa pale akampima, akachungulia kichupa cha mkojo. Ulikuwa kama chai ya rangi.

"Huyu mama anakunywa maji kiasi gani?"

Kaka akanitazama. Nesi naye, kwa kumwona kaka, akanitazama.

"Chini ya lita," nikasema.

"Kwa jua hili? Nani alimwambia afanye hivyo? Figo zinalalamika."

Akamtundikia dripu. Kaka akatoka nje. Mimi nikabaki kwenye kibenchi, nikiyahesabu matone, maji yakimwingia mama kwa sindano kwa sababu mdomo aliufunga kwa ajili yangu. Chupa ya kwanza ilipofika nusu, akafumbua macho.

"Tk. Umekunywa dawa zako za mchana?"

"Mama, mimi nilikuwa nakunywa maji."

Hakuelewa. "Kunywa tu, mwanangu, chupa yako iko kabatini."

"Si ya chupa. Nilikuwa nachota kwa Mama Eliya. Makopo mawili, matatu. Na barafu. Tangu mwezi wa nane. Nilikuwa nabakiza kwa sababu nimeshakunywa."

Nilingoja anitukane, ningeshukuru.

"Kwa hiyo ulikuwa unakunywa," alisema taratibu. "Na mimi nilikuwa najiona nina koo la tamaa. Nilikuwa namwomba Mungu anisamehe, kwamba mtoto mgonjwa anavumilia kuliko mimi."

Akageukia ukutani. Hakulia, hata mimi niliogopa kulia.

Siku tatu hakusema nami zaidi ya "kula" na "meza dawa". Jumatatu, akiwa bado dhaifu, alivaa akasema tunakwenda Mbeya. Kwenye kliniki nesi aliuliza, "Maji anafuata?" Mama akanigeukia, akangoja. Benchi zima likangoja. Nikasema yote pale pale, mzee mmoja mwenye fimbo akatikisa kichwa.

Daktari aliposikia, alishusha miwani. Sikuona hasira usoni mwake. Aliniuliza makopo yana ukubwa gani, nikamwonyesha kwa mikono. Akaandika.

"Nimefurahi umesema," alisema. "Lakini msije mkadhani ugonjwa ulikuwa kopo. Moyo wenye nguvu ungeyatoa hayo maji, ukayaona kesho chooni. Wako umeshindwa kuyatoa. Kwa hiyo hali bado ni nzito. Ila sasa nina nafasi ya kujaribu, awali nilikuwa napigana na kitu nisichokiona."

Nikalazwa siku kumi na moja. Maji yalikuwa ya nesi, kwa kikombe cha dawa. Mia ishirini na moja ikawa ishirini na tano, ikawa ishirini na nane, mpaka thelathini na moja. Baba Mkubwa alifika kutoka Ileje na suti yake ya misiba ndani ya begi, akanikuta naomba kalamu nichore gauni. Alirudi nayo bila kuivaa.

Mama alisema nami juu ya hilo siku ya sita wodini. Alikuwa ananisuka.

"Maji hayakuniuma," alisema nyuma ya kichwa changu. "Kilichoniuma ni ile chupa uliyoinua ukanionyesha."

"Nisamehe, mama."

"Nimesamehe. Bado kunauma. Inamisha kichwa."

Nadhiri yake ilileta shida pia, kwani alisema hakumwahidi Tusekile, alimwahidi Mungu. Ilibidi mwenyekiti wa akina mama aje nyumbani. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama Ambakisye, Mungu alikuwa anayaona yale makopo tangu mwezi wa nane. Unadhani bado anakudai?" Mama akacheka kidogo. Akanywa glasi nzima mbele yetu, akiwa amefumba macho.

Basi kwako wewe unayepimiwa maji, nikupe niliyojifunza. Sukutua utemee, hata mara ishirini, hakuna anayekukataza. Nyonya kipande cha limau. Tumia kikombe kidogo, kikubwa kinakutukana. Dawa za maji zimeze ukiwa hujasafiri, au mwambie kondakta mapema kabla hujaona haya. Usiongeze chumvi kwa kusikia imeshuka, wala usiache dawa kwa kusikia dukani zinaitwaje. Na ukiiba, maana utaiba, sema siku hiyo hiyo. Daktari anapima kitu ulichomwambia. Ukimwambia uongo, anamtibu mgonjwa mwingine.

Sijapona. Namba yangu inacheza kwenye thelathini na mbili, thelathini na tatu. Napumzika nikipanda ngazi za kanisani. Rehema bado hajanunuliwa, ila nimeshona sare za kwaya nzima ya watoto, kwa kukanyaga polepole.

Kitu kimoja hakijarudi. Tangu glasi ile, mama hanywi maji mbele yangu. Mwanzoni sikutambua. Kiangazi cha mwaka huu nikaona anaporudi kutoka mezani anapita moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwa Mama Eliya, anakaa kidogo, anarudi anapangusa mdomo kwa kitenge. Nikimkaribisha maji anasema, "Nimeshakunywa huko." Anaogopa kunitamanisha. Siku nyingine Mama Eliya hayupo, na mama anakaa hivyo hivyo na kiu yake.

Wiki iliyopita, alasiri, alirudi amechoka, akajilaza mkekani akasinzia na viatu miguuni. Mama Eliya alikuwa amesafiri. Nilimtazama midomo. Nikaenda kwenye ndoo, nikachukua kikombe kikubwa cha bati, nikakijaza mpaka ukingoni. Maji yakamwagika kidogo, yakanilowesha vidole. Yangu ya siku hiyo yalikuwa yamebaki mafunda matatu, ya kumezea dawa. Nikavifuta vidole kwenye gauni.

Nikakiweka kikombe karibu na kichwa chake, nikakifunika kwa kisahani asiingie nzi. Nikamvua viatu. Halafu nikatoka nje na kiti changu, nikaurudishia mlango ili akiamka anywe bila kutazamwa.